Tuseme Wazi, Lakini Mtu Asiseme Peke Yake



Liko swali moja ambalo tumeulizwa kuliko maswali yote katika safari zetu za mwaka huu, kuanzia Hima na Kasese mjini mpaka Bwera na mpakani Mpondwe. Tumeulizwa getini wakati wa kubadilishana zamu. Tumeulizwa chini ya mwembe kwa mama anayeuza maandazi. Tumeulizwa ndani ya lori linalorudisha vibarua kutoka mashambani jioni. Na kila mara mwenye kuuliza huangalia nyuma kwanza, halafu husema kwa sauti ya chini: "Mimi nimechoka na kazi hii. Je, niwaambie wenzangu, au nifunge mdomo?"

Wako watakaosema kwamba swali hili ni dogo. Watasema chama kina mambo makubwa ya kushughulikia: mishahara, mikataba, usalama kazini. Sisi hatukubaliani nao. Swali hili ndilo mlango wa hayo yote. Hakuna dai hata moja lililopata kufika juu ya meza ya meneja ambalo halikuanza kama neno kati ya wafanyakazi wawili. Wawili hao wakiogopana, basi chama si chama tena, ni jina lililoandikwa kwenye kibao.

Kwa hiyo tumeona yatupasa kulijibu swali hili katika ukurasa huu, na kulijibu kwa ukweli, pamoja na yale ambayo sisi wenyewe tulikosea.

KWA NINI WATU HUNYAMAZA

Tusiwalaumu wanaonyamaza. Wana sababu zao, na sababu hizo si za kitoto.

Sababu ya kwanza ni njaa. Wengi wetu ni vibarua. Kibarua hafukuzwi kwa barua. Asubuhi karani anasoma majina getini, na jina lako halimo. Ukiuliza, unaambiwa kazi imepungua, rudi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa rudi mwezi ujao. Na mabwana wana msemo wao wanaoupenda sana: "Kama umechoka, nje ya geti wako mia wanaoitaka nafasi yako."

Sababu ya pili ni aibu. Utasemaje kwamba umechoka na kazi, na ndugu yako wa tumbo moja yuko nyumbani mwaka wa tatu hana kazi? Ukifungua mdomo, jamaa wanakwambia: "Wewe umebahatika. Nyamaza ule."

Sababu ya tatu ni shukrani. Wengi tuliingia kazini kwa kushikwa mkono na mjomba, au shemeji, au mzee wa kanisa. Aliyekuombea kazi aliweka jina lake mbele. Ukilalamika, unaona kama unamvunjia heshima yeye, wala si tajiri.

Sababu ya nne ni wapeleka maneno. Kila mahali pa kazi wapo. Tumewafahamu baadhi yao, na tunataka kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote: wengi wao si watu waovu. Mmoja alikuwa na deni dukani na mtoto hospitalini, na nyapara akamwahidi kazi ya Jumapili yenye malipo ya ziada ikiwa atamletea habari. Alileta. Hakuanza kwa chuki, alianza kwa shida. Lakini maneno aliyoyapeleka yaliwaumiza wenzake sawasawa na kama angekuwa na chuki.

Hizo ndizo sababu. Mtu anayewaambia wafanyakazi "semeni wazi, msiogope" bila kuzitazama sababu hizo nne, huyo hasemi na wafanyakazi. Anajisikiliza mwenyewe.

KOSA LETU

Na sisi tulikuwa watu wa namna hiyo. Lazima tuliseme.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kwenye mahali pamoja pa kuchagua kahawa katika wilaya hii. Hatutapataja. Wafanyakazi wengi pale walikuwa akina mama. Hukaa chini kutwa, hutenganisha punje nzuri na mbovu, na hulipwa kwa uzito. Kwa muda wa wiki tatu tulizungumza nao mmoja mmoja njiani wakienda nyumbani. Kila mmoja alituambia yale yale: mizani haiaminiki, mgongo unauma, vumbi linaingia kifuani, hakuna karatasi ya mkataba, na mtu aliyefanya kazi miaka tisa analipwa sawa na aliyeingia jana. Tukafurahi. Tukajisemea kwamba hawa wako tayari.

Tukaitisha mkutano wakati wa chakula cha mchana. Msimamizi alikuwepo, amesimama mlangoni na mikono mfukoni. Tukasema kwa sauti kubwa: "Ndugu zetu, leo ni siku ya kusema. Nani anaanza?"

Kimya. Kisha mama mmoja akasimama. Alisema yote. Hakutukana, hakupiga kelele. Alieleza habari ya mizani, akaeleza habari ya miaka yake tisa. Alipomaliza tukauliza: "Nani mwingine?" Hakuna aliyeinua kichwa. Wale wote waliotuambia maneno yale yale njiani walikuwa wanatazama bundu katika sahani zao kana kwamba hawajawahi kuiona.

Siku ya nne jina la yule mama halikusomwa.

Tulikwenda nyumbani kwake siku ya Jumamosi, juu mlimani. Alitupa chai. Hakutufukuza, ingawa angekuwa na haki. Alituuliza neno moja tu: "Ninyi mlisema tuseme. Mimi nilisema. Wengine walikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulipeleka kesi yake kwa afisa wa kazi wa wilaya, na baada ya safari nyingi alilipwa sehemu ya haki zake. Lakini kazini hakurudi. Leo anauza nyanya sokoni. Anatusalimia tunapopita, na kila anapotusalimia tunalikumbuka swali lake.

Kosa halikuwa lake. Wala halikuwa la wale walionyamaza, maana walikuwa na watoto wa kulisha kama yeye. Kosa lilikuwa letu. Tulifikiri watu ishirini walionong'ona mmoja mmoja ni sawa na watu ishirini waliokubaliana. La hasha! Wale ishirini walikuwa hawajaambiana wao kwa wao. Walituambia sisi tu. Kila mmoja alikuwa anadhani huenda yeye ndiye peke yake mwenye kuchoka.

KIMYA KINAMFAIDI NANI?

Baada ya jambo lile, wako wenzetu waliosema: basi, tuwaambie watu wanyamaze, kila mtu aje kwetu kwa siri. Hilo nalo halifai. Tutaeleza kwa nini.

Katika kiwanda kimoja walikuwako mafundi wawili wa mashine moja, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Kila mmoja aliwahi kuitwa ofisini na kuambiwa kwa upole: "Wewe nakulipa zaidi ya mwenzako kwa sababu najua bidii yako. Usimwambie, ataona wivu." Kwa miaka minne walitunza siri hiyo kwa uaminifu. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma. Siku moja msibani, wakiwa wanasubiri mazishi, yule wa usiku akachoka kujivuna kimya kimya akataja mshahara wake. Kumbe walikuwa wanalipwa karibu sawa, na tofauti yenyewe ilikuwa ya kununua sabuni. Walicheka mpaka watu wa msiba wakawageukia. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu walipiga hesabu ya miaka minne ambayo hakuna hata mmoja wao aliyedai nyongeza. Ukiona siri ambayo mwajiri anakusihi uitunze, uliza siri hiyo inamlinda nani.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Marekani walilazimika kutunga sheria mwaka 1935 iliyowalinda wafanyakazi wa viwanda wanaposhirikiana kutetea hali yao ya kazi, na kuzungumza pamoja juu ya mshahara kumo ndani yake. Hakuna nchi inayotunga sheria ya kulinda jambo ambalo hakuna anayelizuia.

Tuseme pia juu ya wale wenye kazi ya ufundi, ambao uchungu wao si wa mshahara tu. Tulimfahamu msaidizi wa fundi mitambo aliyekaa msaidizi miaka kumi na miwili. Mashine ikikataa usiku, anaitwa yeye. Vijana wenye vyeti wanakuja, anawafundisha, kisha wanakuwa wakubwa wake. Alikuwa na hasira, lakini aliona haya kuisema, maana alidhani tatizo ni yeye mwenyewe na elimu yake ya darasa la saba. Sisi tunaijua haya hiyo, kwa kuwa shule yetu nayo iliishia hapo hapo. Mwisho alimwambia rafiki mmoja. Rafiki akasema: "Hata mimi." Wakatafuta, wakakuta wako watano. Watano hao wakaomba pamoja wapimwe kwa mtihani wa ufundi. Hawakugoma, hawakutukana. Wawili walipandishwa cheo. Watatu bado, na bado tunadai. Lakini hakuna kati yao anayelala akijiona mjinga.

Ninyi wa Kasese mnalikumbuka rundo la mabaki ya madini ya Kilembe. Reli ilifika hapa mwaka 1956, na shaba ikasafirishwa mpaka Jinja kuyeyushwa. Mabaki yakarundikwa hapa mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umekwisha kusimama, lakini rundo lilibaki. Mvua iliponyesha, maji yalichukua sumu kutoka rundoni na kuua majani yote njia nzima kuelekea mbugani. Watu walisema ni uchafu. Kumbe ndani yake ilikuwamo kobalti, na tangu 1999 kiwanda kikaanza kuitoa humo na kuiuza ng'ambo kwa miaka zaidi ya kumi.

Manung'uniko yetu ni kama rundo lile. Yakiachwa yalale, kila mvua inatoa sumu: fundi anamchukia fundi, Mkonzo anamshuku Mtooro, kijana anamdharau mzee, mume anapeleka hasira nyumbani. Yakikusanywa na kuchambuliwa kwa utaratibu, ndani yake mna mali.

MANENO YA AINA TATU

Basi tuseme nini, na kwa nani? Kwa yale tuliyojifunza, maneno ya mfanyakazi aliyechoka ni ya aina tatu, na kila aina ina mahali pake.

Aina ya kwanza ni maneno ya wote. Mshahara, saa za kazi, mizani, mkataba, vumbi, mashine isiyo na kinga, matusi ya msimamizi, wanawake kusumbuliwa, cheo kunyimwa wanaostahili. Haya si siri yako. Kuyaficha ni kumnyima mwenzako kitu chake. Haya tuyaseme, tuyaseme kwa wafanyakazi wenzetu wote, na mwisho tuyaseme kwa mwajiri. Namna ya kuyasema tutaieleza chini.

Aina ya pili ni maneno yako mwenyewe. Unataka kuacha kazi uende kulima kahawa ya baba yako. Umeomba kazi mahali pengine. Unaweka akiba ununue pikipiki. Unasoma jioni. Haya hayana deni kwa mtu. Mwambie mke wako au mume wako, mwambie rafiki mmoja aliyekwisha kukutunzia siri, basi. Usiyatangaze kilabuni mpaka barua ya kazi mpya iwe mkononi, kwa sababu nyapara akisikia kwamba unaondoka, atakuondoa kabla hujawa tayari. Na sisi wa chama tusimwite mtu huyo msaliti. Kuondoka si dhambi. Tunachomwomba ni kimoja: kabla ya kuondoka, atuachie yale anayoyajua. Anayeondoka huwa na ulimi mwepesi kuliko anayebaki, na ushahidi wake una thamani.

Aina ya tatu ni maneno ya mwenzako. Yale uliyoambiwa kwa kuaminiwa. Haya hayatoki, hata kwa nia njema, hata kwetu sisi wa chama, mpaka mwenyewe aseme yatoke. Tumeona umoja wa wafanyakazi thelathini ukivunjika si kwa hila ya tajiri, bali kwa sababu mtu mmoja mwema alisema mbele ya watu: "Hata fulani aliniambia anataka kuacha kazi."

Makosa mengi hutokea kwa kuchanganya aina hizi. Mtu huficha mshahara wake, jambo la wote, na wakati huo huo hutangaza kwenye tonto kwamba mwezi ujao anaondoka, jambo lake mwenyewe. Amefunga mlango uliopaswa kuwa wazi, akaufungua uliopaswa kufungwa.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, anza kwa kuuliza, usianze kwa kutangaza. Badala ya kusema "mimi nimechoka na mahali hapa", uliza: "Wewe mizani ya jana uliionaje?" Mwenye jambo atakujibu. Asiyetaka atasema ilikuwa sawa, nawe hujapoteza kitu.

Pili, mpime mtu kwa jambo dogo kabla ya kubwa. Mwambie neno lisilo na madhara, ungoje wiki mbili. Likirudi kwako kutoka kinywa kingine, umejua.

Tatu, chagua mahali. Njiani kwenda nyumbani, shambani, kisimani, hapo ni pazuri. Chumba cha kubadilishia nguo hakifai. Kilabuni hakufai, kwa sababu huko mtu husema zaidi ya anayoyajua. Na angalieni sana simu. Neno la mdomo likipelekwa laweza kukanushwa. Neno uliloandika katika kundi la simu linapelekwa pamoja na jina lako, tarehe na saa.

Nne, andika daftarini. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, uzito ulioandikwa, pesa uliyopewa, saa uliyoingia na uliyotoka, nani aliumia na wapi. Usiandike matusi. Tumeona ofisini kwamba tusi moja hufuta kurasa kumi za ukweli.

Tano, hakuna mtu wa kusema peke yake. Hili ndilo tuliloshindwa kwa yule mama, na tumeapa halitarudiwa. Kabla ya mkutano wowote mbele ya msimamizi, kuwe kumepatikana watu wasiopungua watano walioketi pamoja, wakakubaliana nani atasema la mizani, nani la vumbi, nani la mkataba. Akisimama wa kwanza, wa pili awe amekwisha inuka. Na mkiandika barua, sahihi ziwekwe kwa duara kama ukingo wa ungo, ili asionekane aliyetangulia. Hiyo ni njia ya zamani ya mabaharia na wafanyakazi wa nchi nyingi, na bado inafaa.

Sita, mtu akinyamaza hata baada ya hayo yote, msimwite mwoga. Kuna mwenye mzigo usioujua. Leo hakusema, kesho huenda akatoa shahada. Hata yule mpeleka maneno, msimfanye mkoma. Mkimtenga kabisa, mmemkabidhi kwa nyapara moja kwa moja.

Tukumbuke ndugu zetu wa Mombasa. Mwezi wa Januari 1947 watu wa bandarini, wa reli, wa hotelini na wa majumbani walisimamisha kazi kwa siku kumi na mbili. Walikuwa wapatao elfu kumi na tano. Kila kundi lilikuwa na shida yake, lakini walipokutana na kusemezana waliona kwamba shida ni moja: mshahara haulingani na bei ya chakula na kodi ya chumba. Serikali ya kikoloni haikuweza kuwafunga wote. Ilingoja. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, watu wakiwa wamekwisha rudi kazini, ikamkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, ikampeleka mbali Baringo. Tujifunze mambo mawili hapo. Wengi wakisema pamoja hawafukuziki. Na hatari kubwa haiko siku ya kusema, iko baada ya miezi kadhaa, watu wanapomsahau aliyesema.

SHERIA INASEMAJE

Wengine hunyamaza kwa kudhani kwamba kulalamika ni kosa kisheria. Si kosa. Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga na chama anachokitaka. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema kwamba kuwa mwanachama wa chama si sababu halali ya kukuachisha kazi, wala kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali, isipokuwa malalamiko hayo yakionekana ni ya kipuuzi na hayana msingi. Ndiyo maana tunasisitiza daftari. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kabla ya kuachishwa kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi, usikilizwe, nawe una haki ya kwenda na mtu mwingine unayemchagua. Na ukiachishwa bila haki, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Usikae nyumbani ukingoja wakuite.

Kwa vibarua, kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Hebu hesabuni ninyi wenyewe wangapi wamepita miezi minne.

Lakini tusidanganyane. Sheria ni jembe. Haliendi shambani lenyewe. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kubadilisha utaratibu huo, na Rais hakuutia sahihi. Anayesubiri karatasi za Kampala zimtetee bila yeye kuzungumza na jirani yake wa mashine atasubiri sana.

AHADI YETU

Wako viongozi wenzetu ambao hawatapenda makala haya. Watasema tunawafundisha wafanyakazi woga, na kwamba mwanachama wa kweli husema wazi popote, kwa yeyote. Tunawajibu kwa heshima: ni rahisi kwetu kusema hivyo. Jina letu halisomwi getini asubuhi. Ujasiri wa mtu ambaye mshahara wake hauko mkononi mwa nyapara ni ujasiri wa bei nafuu, na hatuna haki ya kuuza ujasiri huo kwa mama mwenye watoto sita.

Hatusemi mnyamaze. Tunasema mseme, na mseme mengi kuliko mnavyosema sasa. Semeni mishahara yenu. Semeni vifua vyenu. Semeni miaka yenu tisa na kumi na miwili. Lakini ambianeni ninyi kwa ninyi kwanza, ili siku ya kusimama asisimame mtu ardhi ikawa tupu kushoto na kulia kwake.

Nasi tunaahidi mambo matatu. Hatutauliza tena katika mkutano "nani anaanza?" kabla hatujajua nani anafuata. Hatutachukua neno la mtu na kulitaja bila ruhusa yake. Na yeyote atakayeadhibiwa kwa sababu ya kusema, mjumbe wa chama atafika nyumbani kwake ndani ya wiki ile ile, si kunywa chai tu, bali kumchukua mpaka kwa afisa wa kazi, na nauli itakuwa juu ya chama. Tukishindwa, tushtakini katika mkutano wa tawi, mbele ya wanachama wote.

Yule mama wa mlimani alituuliza wengine walikuwa wapi. Swali lile lilikuwa letu, lakini sasa tunawapa na ninyi. Kesho asubuhi, mkiwa mmesimama getini mnangoja majina, mtazame aliye mbele yako na aliye nyuma yako. Ikiwa hujui kama nao wamechoka, basi hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.